PANYA NA KUNGUNI NI KAZI YA CHAMA



Katika mkutano wa tawi uliopita mambo yalikuwa mengi: mshahara, saa za ziada, viatu vya kazi na makoti ya mvua. Yote hayo ni haki yetu kuyasema. Lakini ndugu mmoja, gadi wa treni, alisimama akasema kwamba hajapata usingizi mzuri kwa wiki tatu kwa sababu ya kunguni, na watu wakacheka. Kicheko kilikuwa kirefu, naye akaketi. Sisi tuliokuwa nyuma tulitazamana, maana twajua ya kuwa wengi wa waliocheka wana alama za kuumwa chini ya mikono ya mashati yao.

Maoni yetu ni haya. Kunguni, panya, mende na jamaa zao si aibu ya mtu mmoja. Ni mambo ya nyumba, ya taka na ya kazi, na kwa hiyo ni mambo ya chama kama mshahara ulivyo. Mtu akiyaficha kwa haya, humpa adui nafasi ya kuhamia kwa jirani, na huwapa wenye nyumba na waajiri nafasi ya kunyamaza.

Tena sisi watu wa reli hatuna ruhusa ya kusema kwamba jambo hili halituhusu, kwani mji huu ulianza na reli, na panya walianza nao. Reli ilifika hapa mwezi wa Mei mwaka wa 1899. Palikuwa na maji, majani na matope. Katika muda wa miaka michache palitokea stesheni, karakana, landi za makuli na bazaa ya Wahindi, yaani vibanda vya mbao, mabati na turubai vilivyobanana. Nafaka ilishushwa, taka zilitupwa, maji machafu hayakuwa na njia. Mwaka wa 1902 tauni ikaingia bazaani.

Tauni ni ugonjwa wa panya kwanza. Panya akifa, viroboto wake humwacha wakatafuta damu nyingine, nayo ni yetu. Daktari mmoja Mfaransa, Paul-Louis Simond, alikwisha kuyaona hayo huko Karachi mwaka wa 1898, lakini mabwana wakubwa wengi walikuwa hawajamsadiki. Hapa Nairobi, kwa amri ya Dokta Spurrier, watu waliondolewa na bazaa ikachomwa moto. Vibanda viliteketea, lakini mitaro haikuchimbwa ya kutosha, na watu walirudi kujenga wakiwa wamebanana vile vile. Tauni ikarudi mwaka wa 1904, na tena kabla ya vita vya 1914. Mwaka wa 1913 akaletwa Profesa W. J. Simpson kutoka Uingereza kuchunguza habari za afya katika nchi hizi, naye katika taarifa yake akashauri Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe katika mitaa mbalimbali.

Tazameni jambo lilivyogeuka. Mshitakiwa alikuwa panya, lakini hukumu akapewa mtu. Badala ya kuuliza, "Nani hakuchimba mtaro? Nani alijenga chumba kisicho na sakafu?" wakubwa waliuliza, "Watu hawa ni wa rangi gani?" Habari hii ni ya zaidi ya miaka mia moja, nasi twaikumbusha kwa sababu tabia ile haijafa. Mpaka leo, mpangaji akilalamika kuhusu panya huambiwa yeye ndiye mchafu.

Wala msidhani tauni ni hadithi ya mababu. Mwaka wa 1990 ilionekana tena hapa hapa Nairobi. Huko Lushoto, Tanzania, ilizuka mwaka wa 1980 ikawasumbua watu kwa miaka mingi, na katika Ituri, Kongo ya mashariki, haijaisha. Lakini hata bila tauni panya anatosha. Mkojo wake huleta homa ya leptospirosi, meno yake hukata nyaya za umeme, na gunia moja la mahindi akiingia humo hula kidogo na kuchafua lote.

Sasa tuje nyumbani. Sisi tuandikao twakaa Mutuini, upande wa Dagoretti, nasi tutasema tunachokiona huko.

Mutuini si mji wala si shamba. Mpaka mwaka wa 1963 upande wetu ulikuwa nje ya mipaka ya mji; mipaka ilipopanuliwa tukawa watu wa Nairobi, lakini mahindi, ng'ombe na nguruwe hawakuambiwa. Baba aliwagawia wana shamba, wana wakajenga vyumba vya mabati vya kupangisha, safu kwa safu, na nyuma ya vyumba hivyo bado kuna zizi la ng'ombe, banda la kuku na ghala la mahindi. Hapo panya amepata maisha ambayo fundi wa njia hayapati. Hula chakula cha kuku jioni, hunywa maji ya ng'ombe, kisha hupanda juu ya dari yetu kulala. Machinjio ya Dagoretti hayako mbali, nayo yana mbwa wake, nzi wake na kunguru wake.

Taka ni habari nyingine. Wako vijana wanaopita kuchukua taka kwa malipo, na wanaolipa huchukuliwa, na wasiolipa hutupa bondeni usiku. Jaa kubwa la mji liko Dandora, upande wa mashariki kabisa. Lilifunguliwa katika miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, na mpaka sasa ndilo linalotumika. Lori la kutoka huko mpaka kwetu ni safari, nalo huja kama mgeni wa harusi. Wakati huo maganda ya ndizi na ugali uliobaki umekwisha kuliwa na wenyewe.

Na chumba chenyewe? Ukuta ni bati. Ndani, kwa ajili ya baridi, mama watoto amebandika makaratasi na maboksi. Kati ya bati na boksi mna joto na giza, napo ndipo kunguni walipo. Kitanda kimoja kimeegemea ukuta ule. Upande wa pili wa ukuta ni kitanda cha jirani. Kunguni hahitaji mlango. Ukimfukuza kwako Jumatatu atalala kwa jirani, na Jumamosi atarudi. Ndiyo maana tunasema mtu mmoja peke yake hawezi kazi hii hata akiwa msafi kama hospitali.

Shuleni, kwenye shule ya misheni, tulifundishwa usafi kwa picha ya nzi mkubwa ukutani, na mwalimu alitukagua kucha kila Jumatatu. Mafundisho yale yalikuwa mazuri, twayashukuru. Ila hayakutaja mwenye ploti.

Yatupasa sasa kusema juu ya dawa, na hapa twataka kila ndugu asome polepole.

Kila mtu aliyepita stendi za matatu au karibu na stesheni amesikia kile kipaza sauti kinachojirudia kutwa nzima: panya, mende, kunguni, viroboto, dawa ni hii. Mchuuzi hana haja ya kusema, mashine humsemea. Meza yake ina vichupa na vikaratasi, bei yake haizidi kikombe cha chai na mandazi, na watu hununua. Hatuwalaumu wanaonunua. Mtu aliyeamshwa usiku kucha hununua chochote. Lakini kichupa kile hakina jina, hakina kipimo, na hakuna ajuaye kilichomo. Mara nyingine ni dawa ya shambani iliyofunguliwa na kugawanywa. Mara nyingine ni dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe, nayo watu huinyunyiza juu ya godoro ambalo mtoto atalilalia usiku ule ule.

Katika ploti moja ya kwetu, mtoto wa miaka mitatu aliokota kichupa cha namna hiyo chini ya kitanda akakinywa. Mama yake alimbeba akakimbia naye hospitali. Daktari akauliza, "Amekunywa nini?" Mama akatoa kichupa. Hakikuwa na maandishi hata moja. Mtoto alipona, nasi tulishukuru, lakini saa ile nzima waliomtibu walifanya kazi kwa kubahatisha, kwa sababu sumu moja hutibiwa hivi na nyingine vile. Ile inayozuia damu kuganda ina dawa yake, vitamini K. Ile ya unga wa zinki fosfidi hutoa hewa ya sumu tumboni nayo hatujui wa kuponyeshwa kwa sindano moja. Zile za shambani hukaza pumzi na kutoa mate mengi. Bila jina daktari hana pa kuanzia.

Sheria ya dawa za wadudu ilipitishwa Kenya mwaka wa 1982, na bodi yake, iitwayo PCPB kwa kifupi, husajili kila dawa inayoruhusiwa kuuzwa. Chupa halali ina nambari ya kusajiliwa, jina la sumu, na maelezo ya nini cha kufanya mtu akiimeza. Kisichokuwa na nambari kisiingie nyumbani. Na tukizungumza juu ya fosfidi, vidonge vile vya kuhifadhia mahindi ghalani visiwekwe kamwe katika chumba cha kulala wala karibu nacho. Hewa yake hupenya ukuta wa mbao na wa bati, haingoji mtu aamke.

Kuna wanaopaka kitanda mafuta ya taa. Nyumba ya mabati na maboksi, jiko la makaa mlangoni, na kitanda kilicholoweshwa mafuta ya taa. Hapo hatuna la kuongeza.

Basi tufanye nini? Tuanze na panya, kwa kuwa yeye ana akili. Wale wasiosadiki kwamba ana akili waulize watu wa Morogoro. Huko, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua kifua kikuu; mmoja wao aitwaye Magawa alifanya kazi Kambodia, na mwaka wa 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika moja la wanyama la Uingereza. Wengi wetu tumefanya kazi miaka kumi bila kupewa hata cheti. Panya wa darini si buku, lakini ubongo ni wa ukoo mmoja. Huogopa kitu kigeni. Ukiweka mtego leo na kuutega leo, atauzunguka. Kwa hiyo weka mtego bila kuutega, na chambo juu yake, siku tatu au nne, mpaka ajue kuwa ni meza. Siku ya tano tega. Mtego ukae kando ya ukuta, kichwa chake kikielekea ukutani, maana panya hutembea akigusa ukuta kwa masharubu. Omena ni chambo kizuri, na njugu zilizosagwa pia. Mitego sita kwa usiku mmoja hufanya kazi kuliko mtego mmoja kwa mwezi, kwa kuwa waliobaki hawapati nafasi ya kujifunza.

Lakini kuua bila kuziba ni kuteka maji kwa pakacha. Panya jike huchukua mimba siku 21 au 23 tu, huzaa sita, wanane au zaidi, na watoto wale huanza kuzaa wenyewe wakiwa na miezi mitatu hivi. Hatuwezi kushindana naye kwa hesabu. Tutamshinda kwa chakula na mlango. Panya mdogo wa nyumbani hupita penye tundu la upana wa kalamu ya risasi. Yule mkubwa hupita penye tundu la kidole gumba. Ziba kwa saruji, na ndani ya saruji tia ule waya wa kusugulia sufuria au vipande vya chupa, kwa maana saruji ikiwa mbichi na mbao wakati wote huzitafuna. Unga ukae ndani ya debe lenye kifuniko. Ghala la mahindi linyanyuliwe juu ya nguzo, na kila nguzo ivishwe bati laini lililopinda kama kofia, asipate pa kushika. Wenye mifugo wasiache chakula cha kuku usiku. Haya ya mwisho ndiyo magumu kuliko yote, kwa sababu mwenye kuku mara nyingi ndiye mwenye ploti.

Neno moja juu ya paka na bundi. Paka ni mfanyakazi mwema, ila anayekula panya aliyekula sumu naye hufa, kwa hiyo chagueni, paka au sumu. Na bundi, ambaye wengi wetu huku humpiga mawe kwa kudhani ameleta habari ya kifo, ameleta tumbo lake tu. Amekuja kwa ajili ya panya wetu. Mwacheni.

Kunguni anataka njia nyingine. Yeye hali unga wala taka, hula watu tu, na kwa hiyo usafi wa jikoni haumhusu. Tajiri humpata pia. Hoteli kubwa za Ulaya na Marekani zimempata. Anaweza kukaa miezi bila kula. Dawa nyingi amezizoea: DDT, ambayo mvumbuzi wa nguvu zake alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1948, ilianza kushindwa na kunguni wa kambi za jeshi huko Hawaii mwaka wa 1947, yaani kabla ya tuzo. Na dawa za siku hizi, zile zilizotengenezwa kwa kuiga pareto, nazo kunguni wa nchi nyingi wamezizoea.

Tunapotaja pareto hatuna budi kusimama kidogo. Ua lile jeupe lililimwa Limuru, Molo, Nakuru na Kisii, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya pareto ya dunia nzima ilitoka Kenya. Kiwanda chake kilikuwa Nakuru, mji wa reli hii hii. Dunia iliua wadudu wake kwa ua letu. Kisha wakulima wakacheleweshewa malipo, wakang'oa maua wakapanda viazi, na leo mfanyakazi wa Nairobi hununua kichupa kisicho na jina stendi. Twaona uchungu kuliandika hilo.

Kinachomshinda kunguni bila shaka ni joto. Joto la nyuzi 50 na zaidi humuua yeye na mayai yake. Maji yanayochemka, kutoka katika birika, yamwagwe polepole katika maungo ya kitanda, kwenye chaga na matundu ya misumari. Shuka, mapazia na nguo zichemshwe au zifuliwe kwa maji ya moto sana, zikauke juani. Maboksi ya ukutani yabanduliwe yachomwe nje, na ukuta ukwanguliwe. Kitanda kivutwe mbali na ukuta, na miguu yake iwekwe ndani ya makopo yenye maji ya sabuni, shuka zisiguse chini. Godoro liviringwe na nailoni nzito na kushonwa au kufungwa kwa utepe, lisifunguliwe mwaka mzima. Baada ya siku kumi rudia kazi yote, kwa kuwa mayai yaliyofichika yatakuwa yameanguliwa.

Pia iko poda ambayo ni yetu wenyewe. Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa udongo mweupe mwepesi uitwao diatomaiti, ambao ni magamba ya vijimea vya ziwa la kale. Kwa kunguni na mende poda yake hukwangua ngozi na kunyonya unyevu, mdudu akakauka. Si sumu ya kumezwa, lakini vumbi lake ni baya kwa kifua, basi anayeipaka katika nyufa afunge kitambaa puani, na asiipulize hewani. Haifanyi haraka, ngoja wiki mbili. Na wale wenye shamba la maharagwe nyuma ya nyumba wajue kwamba huko Bulgaria na Serbia watu wa zamani walitandaza majani mabichi ya maharagwe sakafuni usiku, na asubuhi wakayachoma pamoja na kunguni walionaswa. Wataalamu wa Marekani walilichunguza jambo hilo mwaka wa 2013 wakaona ni kweli: majani yana vinyweleo vilivyopinda kama ndoana, humchoma kunguni miguuni. Yakikauka hayafai. Hatusemi yatamaliza kunguni wote. Tunasema hayana gharama.

Mende tumeshawajua, sukari na boriki asidi kidogo, mahali mtoto hafiki, na kuziba bomba linalovuja.

Sasa ndugu mmoja atasema, na kwa kweli ameshasema, "Chama si cha kuua panya. Chama ni cha mshahara." Tunamjibu hivi. Dereva wa treni anayefika kituo cha mbali saa tano usiku hulala katika nyumba ya kulalia aliyopewa na kazi. Katika nyumba moja ya namna hiyo, ambayo hatuitaji, magodoro hayakubadilishwa kwa muda mrefu, na kila anayelala pale huamka saa tisa kujikuna. Saa kumi na moja anashika usukani wa treni yenye watu. Huo si usingizi wa starehe uliopotea. Ni chombo cha kazi kilichovunjika, kama breki. Tena mfuko wake wa nguo humchukulia kunguni mpaka nyumbani Mutuini, Kibera au Kikuyu, kwa mke na watoto. Sisi wa reli tunaunganisha stesheni zote, na kunguni husafiri bila tikiti.

Sheria zipo. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 31, humtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ifaayo au fedha za kutosha za kodi ya nyumba. Nyumba ya kunguni haifai, na fedha zinazotosha chumba cha maboksi tu ni swali la kuuliza mezani siku ya mapatano. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na ndani ya kamati hiyo wafanyakazi wana wajumbe wao. Wajumbe hao waingie vyumba vya kulala, wainue magodoro, waandike wanachokiona. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo ni ya tangu 1921, humhesabu mwenye nyumba iliyojaa wadudu kuwa ameleta madhara kwa afya ya watu, na afisa wa afya anaweza kumwandikia aisafishe. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya nyumba ya kutosha na usafi wa kiasi kinachofaa. Kuondoa taka ni kazi ya serikali ya kaunti kwa Katiba hiyo hiyo.

Tunajua mpangaji mmoja akienda peke yake kwa mwenye ploti na kifungu cha sheria mkononi, mwisho wa mwezi ataambiwa mwanawe mwenye nyumba anarudi kutoka safari na anakitaka chumba. Kwa hiyo asiende peke yake. Barua iandikwe kwa jina la wapangaji wote wa safu, itiwe sahihi na wote, nakala iende kwa afisa wa afya wa wadi. Wasiombe mambo ishirini. Waombe matatu: saruji katika matundu, pipa lenye kifuniko, na siku moja ya kuvibandua vyumba vyote pamoja. Wenye ploti wengi si watu wabaya. Nao wana panya ghalani, nao hupoteza mahindi. Mmoja wa huku kwetu alipohesabu magunia aliyoharibiwa alinunua saruji mwenyewe kabla barua haijamfikia.

Kwa upande wa ploti tunazokaa wanachama, tumekubaliana Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, kuanzia saa mbili asubuhi, kama mvua haitanyesha. Vitanda vyote vitolewe nje siku ile ile, chumba kwa chumba, bila kumwacha hata mmoja, na asitokee wa kuchungulia kitanda cha mwenzake na kucheka. Wenye majiko makubwa walete, maji ya moto yatahitajika mengi. Watoto wapelekwe kwa jirani wa mbali mpaka jioni. Ndugu walio zamu siku hiyo waache funguo kwa mtu wanayemwamini.

Mitego sita ya tawi iko kwa katibu. Anayeichukua aandike jina lake katika daftari, na airudishe ikiwa imeoshwa.